Spea ya simu usiagize kwa jina, agiza kwa namba ya modeli

Wale wa Tabora tunaoagiza spea Kariakoo halafu tunasubiri mzigo kwenye basi, hii itawaokolea hela ya kurudisha. Zile orodha za simu za mtandaoni zinazojazwa na watu zinakera, simu mbili tofauti zinalundikwa sehemu moja kisa jina linafanana. Chukua Galaxy A12, kuna SM-A125F yenye chipu ya Helio P35 na kuna SM-A127F yenye Exynos 850, kwa nje ni mapacha, ila faili la kuflashi (la kuweka upya programu ya simu) la moja haliingii kwa mwenzake na ukilazimisha unaweza kuiua kabisa. Redmi Note 8 na ile ya 2021 hivyohivyo. Sasa fanya hivi, ingia Settings, About phone, chukua Model number, hiyo ndo utafute na hiyo ndo umtumie muuzaji, tena skrinishoti, sio kumwambia kwa mdomo. Jina ni la matangazo tu, namba ndo inatenganisha matoleo. Simu imezima? Soma kwenye boksi au stika ya nyuma. Njia hii inapogoma ni kwenye simu feki, maana hizo zinaandika modeli yoyote zinayotaka, na zile zilizobadilishwa bodi au mfuniko kwa fundi, hapo namba ya ndani na ya nyuma zinapingana, so ifunguliwe tu msome namba iliyopo kwenye betri au fleksi (ule utepe wa waya) ya kioo chenyewe ndo muagize.