Usianze mafunzo kazini kabla ya tarehe iliyo kwenye I-20

Umepata nafasi ya mafunzo kazini Marekani ukiwa mwanafunzi wa F-1, yaani viza ya masomo? Barua ya mwajiri peke yake haikuruhusu kuanza. Kibali cha CPT, yaani mafunzo kazini yaliyo sehemu ya masomo, hutolewa na DSO, yaani afisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni, na huandikwa ukurasa wa pili wa I-20 mpya, fomu ya chuo inayothibitisha kuwa wewe ni mwanafunzi wake: jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na kama kazi ni ya muda wote au nusu. Mwajiri akikuita Jumatatu na I-20 inasema Jumatano, nenda Jumatano. Siku hizo mbili zingehesabiwa kuwa kazi bila kibali, na tarehe hairudishwi nyuma.

Kwa kawaida uwe umeshasoma mwaka mzima wa masomo, na kazi iwe sehemu ya mtaala wako. Vyuo vingi hutaka usajili somo la mafunzo hayo, kwa hiyo muombe mwajiri barua mapema, yenye anwani ya mahali pa kazi, saa kwa wiki na tarehe.

Saa ndizo zinazowaponza wengi. Saa 20 kwa wiki ni nusu. 21 tayari ni muda wote. Ukifikisha miezi 12 ya CPT ya muda wote, OPT (kibali cha kufanya kazi ya fani yako, mara nyingi baada ya kuhitimu) ya ngazi hiyo ya shahada imekwenda. Chini ya hapo OPT haiguswi, basi piga hesabu kabla ya kukubali mkataba uongezwe.

Ukibadilisha mwajiri, kibali cha zamani hakihami nawe. Omba kingine kwanza.