Begi la matembezi ya Malindi: cha kuja nacho na cha kuacha huko

Anza na viatu. Ndugu zetu wengi wanaokuja likizo kutoka Uingereza au Ujerumani hufungasha mabuti mazito ya milimani, na siku ya kwanza tu yanawashinda. Njia za huku ni mchanga, matope ya mikoko na mawe ya matumbawe. Leta raba nyepesi zenye soli inayoshika, za kushukia makorongo ya Marafa, kule Wagiriama wanakokuita Nyari. Panga kushuka asubuhi na mapema au jioni, kwa sababu adhuhuri mle chini hapakaliki.

Jozi ya pili iwe ya kuingia nayo majini, iliyofunika vidole na kubana kisigino. Kandambili hazifai. Ukimkanyaga yule mdudu mweusi wa miiba mirefu anayejificha mwambani, mwiba unazama na kukatikia ndani ya nyama.

Suti nene ya kuogelea kwenye maji baridi iache hukohuko, bahari yetu ni vuguvugu. Kinachohitajika ni shati la kuogelea la mikono mirefu. Ukielea saa nzima ukitazama samaki katika hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyolindwa tangu 1968, mgongo ndio unaoungua. Mafuta ya jua chagua yenye zinki, yasiyo na oksibenzoni, maana hiyo hudhuru matumbawe. Kikoi au leso nunua hapa: ni taulo, ni shuka la usiku, na ndiyo stara yako ukipita mitaani kutoka pwani.

Kabla ya kuogelea, muulize anayekuongoza maji yakoje. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hupwa mbali sana, kisha hurudi kwa nguvu, na kwenye mkono wa bahari wa Mida yanaweza kukukuta katikati ya mkondo. Mtoni Sabaki usioge kabisa, hata kama panaonekana shwari. Kuna mamba na viboko.

Kwa kulala hemani, mtungi wa gesi hauruhusiwi ndegeni, na betri ya kuchajia simu hukaa kwenye begi la mkononi. Leta tochi ya kichwani na chupa ya maji ya chuma, kubwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi na misitu kama Arabuko-Sokoke. Nguo za madoadoa kama za jeshi usizilete. Raia haruhusiwi kuzivaa.

La mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Mtu aliyezaliwa Malindi husema, "Mimi malaria nimeizoea." Hapana, ndugu yangu. Ukikaa nje miaka kadhaa, ile kinga ya utotoni hupungua, na watoto waliozaliwa huko hawana kabisa. Muone daktari wiki kadhaa kabla ya safari akupe dawa za kinga, na uzimalize hata baada ya kurudi. Fungasha chandarua na dawa ya kujipaka ya mbu. Na ukisharudi, homa ikikushika hata baada ya miezi miwili, nenda hospitali siku hiyohiyo na useme mapema kwamba ulikuwa pwani ya Kenya.