Amorgos ina bandari mbili! Soma hapa kabla hujakata tiketi

Watu wakisikia visiwa vya Ugiriki wanawaza Santorini na Mykonos tu, foleni ya kupiga picha kutwa nzima. Mi nasema nenda Amorgos. Watu karibu 2,000 kisiwa kizima, uwanja wa ndege hakuna, unasikia kengele za mbuzi tu. Ila ukienda kichwakichwa utalia, kama nilivyolia mimi Agosti ile.

Viza ni ya Schengen, omba mapema, bima isipungue yuro 30,000, na pasi iwe hai miezi mitatu mbele baada ya siku ya kutoka. Siku usizibane. Hapa nitarudi.

Ukitua Athens, metro inakupeleka mpaka Piraeus, bandari ya kupandia meli, bila kubadilisha, kama saa moja hivi. Piraeus yenyewe kubwa balaa, uliza geti namba ngapi kabla hujaanza kuburuza begi. Halafu angalia saa, tiketi ikisema 00:30 tarehe 15, maana yake tarehe 14 usiku uwe umeshafika gatini, sio kesho yake. Meli za kawaida zinachukua saa saba mpaka tisa hivi, inategemea inapitia visiwa gani, beba cha kujifunika.

Pesa taslimu beba, ATM za kuhesabu. Skuta usikodi kama leseni yako haina pikipiki, zile kona zina korongo upande mmoja.

Dada zangu, khanga mbili lazima. Kuna monasteri inaitwa Hozoviotissa, tangu karne ya 11 imebandikwa kwenye jabali kama kiota cha mbayuwayu, chini bahari, ngazi kama mia tatu za kupanda. Mwanaume na kaptura haingii, mwanamke hata suruali hawataki, wanataka sketi. Mi nikafunga khanga juu ya jinzi, mambo yakaisha. Mzee wa mlangoni akaangalia maandishi, akauliza yanasemaje. Ilikuwa imeandikwa "Umbea wako haunipunguzii kitu". Nikamwambia ni sala. Akanipa loukoumi, vile vitamutamu vyao laini, na kikombe kidogo cha raki, pombe kali yenye asali.

Sasa lile lenyewe.

Julai na Agosti kuna upepo wa kaskazini wanauita meltemi. Usifikirie kaskazi yetu ya kukausha nguo, huu unavuma siku tatu, nne, mbingu bluu kabisa bila wingu, ndo maana mgeni haamini. Ukifika 8 au 9 kwenye Beaufort, kile kipimo cha nguvu za upepo, kutegemea na meli, walinzi wa pwani wanazuia safari. Ukibembeleza unapoteza muda. Mi ilikuwa nitoke Alhamisi asubuhi, ndege Ijumaa usiku, nikajiona nimepanga vizuri. Alhamisi ikazuiwa. Nikaambiwa kesho alfajiri meli itakuja, nikalala Katapola, bandari niliyoijua mimi, hatua chache tu na gati ili nisichelewe.

Saa kumi na moja na nusu nipo gatini na begi. Kimya. Paka watatu na mzee mmoja anapanga viti vya mgahawa wake. Nikakaa. Saa kumi na mbili kasoro mzee akanionea huruma, akaja, akaniuliza unaenda wapi, nikamwambia Piraeus. Akanyoosha kidevu upande wa mlimani: "Aegiali." Nikadhani ananitajia jina lake.

Aegiali ndo bandari ya pili ya kisiwa, iko upande mwingine kabisa, barabara yote milima na kona. Meli ile siku hiyo ilikuwa inagusa kule tu. Ujumbe walituma jana yake, tena mapema, ila namba niliyoandika kwenye tiketi ni ya Bongo, na laini ya Bongo nilikuwa nimeichomoa niweke ya kwao, ipo ndani ya kava la pasi imelala. Nikapata lifti kwenye kipikapu cha makreti ya nyanya, dereva anakimbiza mpaka nikawa nasali ile sala ya khanga, tunashuka kona ya mwisho naiona meli inafunga mlango wake wa nyuma. Nikaiangalia inageuka taratibu.

Ndege ikaondoka bila mimi, tiketi mpya nikanunua kwa hela ya ada ya mtoto. Na viza nilikuwa nimepewa siku 12 tu kwa sababu nilijifanya mjanja nikaomba siku 12. Nilitoka Athens siku ya 12 yenyewe, afisa anahesabu mihuri kwa kidole, mara mbili, mi jasho.

Kwa hiyo: tiketi inataja Katapola au Aegiali, soma, na usiku wa mwisho ulizia tena. Namba ya simu uliyoandika iwe ile iliyo hewani. Lala Athens usiku mmoja kabla ya ndege, na msimu wa upepo lala siku mbili.

Mengine madogo. Agosti 15 ni sikukuu ya Bikira Maria, meli zinajaa Wagiriki wanaorudi kwao, vyumba shida. Novemba utakuta milango imefungwa. Karatasi ya chooni weka kwenye kindoo pembeni, mabomba yao membamba. Saa nane mchana mpaka jioni watu wamelala, usigonge. Dawa zako beba za siku nne zaidi, hospitali kubwa hakuna, na viatu vya kutembelea sio sendo, na mgeni wa bahari asiogelee peke yake hata kama maji yanaonekana kama ya beseni, na chaja, na...