SOMO: Jinsi ya kupata samaki wa leo pale Feri, Dar es Salaam

Wakuu, habari za majukumu. Inaniuma kuona mtu anaishi Dar, bahari hiyo hapo, halafu anakula samaki aliyechoka. Nenda Feri, pale Kivukoni karibu na pantoni la Kigamboni, ila nenda ukijua unachotafuta.

1. Anza na mwezi. Dagaa na vibua huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wanaadimika na bei inapanda. Pweza yeye ni wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapokupwa mbali na miamba kubaki wazi. Kusi ikivuma kwa nguvu, boti ndogo nyingi haziendi mbali. Siku hizo uliza samaki amevuliwa lini.

2. Wahi asubuhi. Mnadani dalali anataja bei haraka na samaki huenda kwa fungu. Sikiliza kwanza, usikurupuke. Ukitaka wawili watatu tu, nunua kwa wachuuzi waliotoka kushinda mnada, au changa na jirani mgawane.

3. Mkague. Funua shavu: matamvua yawe mekundu. Yakiwa ya kahawia na utelezi unaonata, achana naye. Jicho liwe limetuna na kung'aa. Bonyeza mgongo, shimo lisibaki. Usione haya kumshika. Mwenye samaki mzuri atakufunulia shavu mwenyewe.

4. Akipasuliwa, tazama ndani. Jicho linang'aa lakini nyama imelegea, uti umevunjika na damu imevilia tumboni? Huyo huenda amepigwa baruti. Mkatae. Baruti inaua samaki wadogo na kubomoa matumbawe wanamozaliana, na ukinunua unamlipa aliyelipua.

5. Waparaji wako hapohapo. Hakikisha matamvua na utumbo vimetoka vyote, kisha weka barafu. Kwa jodari na vibua hili ni lazima: wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini inayodhuru, na kupika hakuiondoi.

MASWALI

Swali: Mkuu, kamba wanakaguliwaje?
Jibu: Kichwa kishikane vizuri na mwili na kisiwe cheusi. Wakinuka kama amonia, waache.

Swali: Nilipika changu akawa mchungu, alikuwa ameoza?
Jibu: Hapana dada, hiyo ni nyongo ilipasuka wakati wa kumtoa utumbo. Mwambie mparaji aende taratibu.

Swali: Mimi niko Tegeta, Feri ni mbali.
Jibu: Nenda Kunduchi, wavuvi wanashusha pale ufukweni. Chaguo ni dogo kuliko Feri, ukaguzi ni uleule.

Swali: Samaki wa barafu si wa zamani?
Jibu: Si lazima. Aliyewekwa barafu tangu botini namchagua mimi kuliko aliyevuliwa alfajiri akapigwa jua hadi saa sita mchana.