Pumzi kwanza, kabla ya kubadili dawa ya baridi yabisi

Mwenye baridi yabisi humweleza daktari habari za vidole, viwiko na magoti. Mapafu husahaulika, ilhali huu ni ugonjwa wa kinga ya mwili kumgeukia mwenyewe, na hauishii kwenye maungio. Unaweza kuacha makovu ndani ya mapafu, kuotesha vinundu, au kukusanya maji kwenye utando unaoyafunika.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kliniki, ichunguze pumzi yako. Kuna mtego hapa: anayeumwa magoti hutembea kidogo, na asiyejichosha hatambui kwamba pumzi imepungua. Ukisimama katikati ya ngazi, jiulize kilichokusimamisha ni goti au pumzi. Kikohozi kikavu kisichokwisha, andika kilianza lini. Sigara nayo itaje, hata kama uliiacha zamani, kwani huongeza hatari ya baridi yabisi na ya makovu pia.

Beba picha zako za zamani za kifua. Eksirei inaweza kuonekana safi huku makovu yakiwa yameanza. CT, picha ya kompyuta inayoonyesha mapafu vipande kwa vipande, huyaona mapema zaidi, na kipimo cha kupuliza huonyesha mapafu yanafanya kazi kiasi gani.

Dawa ndizo zinazohitaji mazungumzo marefu. Methotreksati, dawa ya baridi yabisi ya mara moja kwa wiki, huweza kuleta uvimbe ndani ya mapafu ghafla, ingawa ni nadra: homa, kikohozi kikavu, pumzi kubana. Dalili hizo zikitokea, muone daktari siku hiyohiyo, kabla ya dozi nyingine. Kuikimbia kwa uvumi tu si busara, maana baridi yabisi isiyotulizwa nayo hudhuru. Kabla ya sindano za kibayolojia, yaani dawa zinazozuia sehemu fulani ya kinga ya mwili, hakikisha umepimwa kifua kikuu kilicholala, kwa sababu baadhi yake hukiamsha. Chanjo za mafua na nimonia ni bora zitangulie, hasa kabla ya rituksimabu, mojawapo ya dawa hizo za kibayolojia. Zile zenye vimelea hai, usichome bila kumuuliza daktari.

Ikiwa makovu yapo tayari, uliza matibabu yanalenga nini. Mikofenoleti na rituksimabu hutuliza kinga, nintedanibu hupunguza kasi ya makovu kuongezeka. Kovu lililokwisha kukomaa halifutiki. Uliza pia nani atakufuatilia, maana daktari wa maungio na wa mapafu wanapaswa kusoma faili moja, na kipimo cha kupuliza kitarudiwa baada ya miezi mingapi.