Shamba la mlimani: piga laini ya usawa kwanza, mbolea baadae

Wakulima wenzangu wa Kondoa na Mpwapwa mnaolima kwenye miteremko, kila msimu mnaulizana mbolea gani nzuri, ila mbolea ukiimwaga mlimani bila kinga, mvua ya kwanza inaisomba yote mpaka korongoni, unakuwa umelisha shamba la jirani wa bondeni. Na mvua yetu ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, afu inakuja kwa fujo. Kwa hiyo kazi hii ya kupiga laini za usawa, yaani mistari inayokata mteremko bila kupanda wala kushuka, ifanye kabla, Oktoba Novemba.

Tengeneza fremu A, kifaa cha miti cha kupimia usawa wa ardhi. Miti miwili iliyonyooka ya mita 2, ifunge pamoja juu, miguu itanue mita 2, katikati funga mti wa kukingama, ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka juu. Hapa ndo wengi tunaharibu, tunakisia katikati kwa macho. Weka alama kamba inapopita kwenye ule mti, geuza fremu miguu ibadilishane palepale ilipokuwa, weka alama ya pili, katikati ya hizo mbili ndo usawa wenyewe. Mi mwaka wa kwanza nilikisia bwana, maji yakakimbilia kona moja yakapasua tuta, nikabaki na korongo jipya.

Anzia juu ya shamba. Mguu mmoja utulie, mwingine usogeze mpaka kamba ikae kwenye alama, chomeka kijiti, songa mbele. Mteremko ukiwa mkali laini ziwe karibu karibu.

Afu piga fanya juu kufuata vijiti: mtaro upana sentimita 60, kina 60, udongo tupa upande wa juu, acha nafasi kama sentimita 30 usije ukarudi mtaroni. Juu ya tuta panda mabingobingo, yale majani marefu ya mifugo, au mbaazi. Miaka ikienda udongo unajaa nyuma ya tuta, shamba linajikata ngazi lenyewe.

Mifugo sasa. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, na 1979 ng'ombe na mbuzi wakaondolewa kwenye vilima vya Kondoa vilivyoliwa na mmomonyoko, majani yakarudi ila wazee mpaka leo wakiisimulia unaona inawauma. Sisemi uuze mbuzi wako, wafungie bandani, wakatie mabingobingo ya kwenye tuta, samadi irudi shambani.

Mvua ya kwanza ikinyesha usikae ndani, vaa gambuti uzunguke na jembe, palipopasuka ziba siku hiyohiyo.