Ukiambiwa una kansa ambayo hata jina lake hulijui, anza na haya

Mi yangu inaitwa sarkoma, kansa ya tishu laini, yaani nyama za mwili kama misuli na mafuta, ilinitokea pajani. Kwa watu wazima ni kama 1 tu katika kansa 100, kwahiyo ukiwatajia majirani hapa Dodoma kila mtu atakutafutia inayofanana na anayoijua, "aah kama ya mama fulani, ile ya kizazi". Sio kama ile. Usiishi kwa stori ya kansa ya mtu mwingine, awe alipona au alifariki.

Nunua kaunta buku. Mwombe daktari akuandikie jina kamili la ugonjwa wako ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, maana utaulizwa kila dirisha. Omba kopi ya majibu ya bayopsi, kile kipimo cha kipande cha uvimbe, uibandike humo, halafu uliza kama kile kipande cha nyama yako walichokigandisha kwenye nta kimetunzwa maabara, hospitali ya rufaa inaweza kukitaka ikipime upya. Mi nilijua haya nikiwa nshaumia. Uvimbe wangu wa kwanza nilikatwa mahali fulani hivi, wakasema ni mafuta tu, hakuna kilichopelekwa maabara, baada ya miezi saba ukarudi mkubwa kuliko ulivyokuwa mwanzo. Kwahiyo uvimbe ukizidi sentimita 5, au unakua, au uko ndani kwenye msuli, hata kama hauumi kabisa, usikubali ukatwe kabla haujapigwa picha na kuchukuliwa bayopsi.

Familia sasa. Hapa wengi tunakosea, tunawaambia watu "niombeeni" basi, alafu tunanuna hawaji. Wape kazi. Mume wangu alikuwa mtu wa daftari na maswali kwa daktari, wifi yangu watoto na shule, mama mdogo wa Mbagala alinipa kitanda wiki tano nilizokuwa naenda mionzi Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, Jumatatu mpaka Ijumaa, mara 25, kila siku dakika chache tu mezani ila foleni ndo inakula siku. Kaka yangu hajui kufariji, akianza kuongea unalia zaidi, kwahiyo yeye tulimpa kazi ya nauli. Treni ya SGR imesaidia sana, zamani kwa basi nilikuwa nafika mguu umevimba kama gogo. Na hela ikikwama usiogope kwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, yupo kwa ajili hiyo, nenda mapema na barua ya mtaa, sio siku umeshakatiwa bili.

Kuhusu imani ntasema ukweli wangu. Kuna waliokuja kunishika kichwa wakasema nikimeza dawa nimemkosea Mungu. Niliwashukuru, nikawapa chai, na kesho yake nikaenda kliniki. Mchungaji wangu alifanya kitu kimoja tu, alitoa simu akaniuliza, "Kemo ni tarehe ngapi mama?", yaani dawa za kansa za dripu, akaiandika, na kila ile tarehe asubuhi jumuiya walikuwa wanakaa kuomba, na jirani yangu Muislamu upande wa pili wa ukuta ananiombea dua baada ya alfajiri. Ukiwa umelala na dripu mkononi unajua saa hii kuna watu wanakutaja, aisee inabeba. Wakikuletea mizizi au unga wa miti pokea kwa heshima, ila usinywe bila kumuonyesha daktari, zingine zinagombana na dawa.

Kemo yenyewe: moja ya dawa zangu, doksorubisini, ni nyekundu kama juisi ya rozela, na kabla yake lazima upimwe moyo. Siku ya kwanza nilienda chooni nikaona mkojo mwekundu nikapiga kelele nyumba nzima, mume wangu akaja mbio na kandambili moja. Kumbe ni rangi ya dawa tu, inaisha siku moja au mbili. Cha kuogopa ni homa. Nunua kipimajoto, na ikifika 38 hasa wiki ya pili baada ya dripu, hapo kinga iko chini, usimeze panadol ukalala, nenda hospitali usiku huohuo. Tulikubaliana na bodaboda mmoja wa hapa Chang'ombe simu yake isizimwe, na alitufaa kweli usiku mmoja.

Chakula, kula kinachopita. Mi ugali ulinishinda, uji mwepesi wa uwele ulipita, ubuyu niliupenda mpaka vidonda vya mdomo vilipotoka, uchachu wake ukawa moto.

Na matumaini sio kucheka muda wote. Siku nyingine nililala nimegeukia ukutani na wifi akawafukuza wageni, akawaambia nimeenda Kibaigwa. Kesho yake nikaamka nikaoga.

Ukimaliza matibabu bado utafuatiliwa, sarkoma ikirudi hupenda mapafu, ndo maana mi napigwa CT ya kifua kila miezi mitatu. Majibu usiyafuate peke yako. Ijayo ni Novemba, nauli ya watu wawili iko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, na maswali yapo ukurasa wa 41 wa kaunta buku.